Giaboksi ya Yunisi

Mafundi sita walikuwa wamekataa kulitengeneza gari lake kabla Yunisi hajampata Fundi Mbwilo, mtu pekee mjini aliyelijua. Gari jingine halikumfaa. Mlango wa hilo tu ndio uliopitisha kiti cha magurudumu cha mumewe, na kesho mume huyo alitakiwa kliniki.

Leo alilikuta gereji kwa Mbwilo limeinuliwa juu ya mawe, limefumuliwa.

“Giaboksi iko wapi?”

“Imeenda kuzika, mama,” Mbwilo alisema, akijifuta grisi. “Magari ya aina hii yapo mawili tu hapa mjini. Lile la pili liliharibika jeneza likiwa ndani. Nikaazima yako.”

“Ukaazima kwa nani?”

“Ni msiba, mama. Kwani ungekataa?”

Yunisi alifumba macho aombe uvumilivu, lakini sala haikuja. Asingekataa. Hilo ndilo lililomchoma, kwamba hata hakuulizwa.

Mara gari lile la pili, la wafiwa, likatokea kwenye kona, likirudi gereji kutoka makaburini na nyimbo zake. Yunisi aliokota spana kubwa kuliko zote, akaenda kusimama katikati ya lango. Dereva akapiga honi. Yunisi hakusogea. Ndani ya gari, sauti moja baada ya nyingine, wimbo ukakatika.