Mchezo wa Nyumba ya Bi Mwanahija

Siku hizi posa haijibiwi mpaka nyumba ya binti itengenezewe mchezo wa kompyuta, na mposaji aucheze hadi mwisho. Bi Mwanahija, mama yake Raisa, hakuwahi kutengeneza hata mmoja. Programu ya kwanza ilimtaka aandike misimbo, akaifunga palepale. Ya pili, iitwayo Chekechea, ilimwambia tu, "Nisimulie nyumba yako, mama."

Akasimulia huku anakuna nazi. "Na asiyepiga hodi asifunguliwe," akasisitiza. Chekechea ikajenga baraza, mtungi wa maji, hata jogoo wao mkorofi. Ndani ikamweka mama mwenye nyumba: kanga yake, kicheko chake, ila huyo hachoki wala hafoki.

Bi Mwanahija akashika mdomo. "Mashallah! Aliyebuni kitu hiki katuonea huruma sisi tusiojua."

Mposaji alicheza, akafaulu, akakubaliwa. Lakini Raisa hakuuacha mchezo. Kila jioni alivaa miwani ya kuchezea, akaenda kumuuliza yule mama wa mle ndani mambo ya ndoa. Bi Mwanahija alimsikia akicheka chumbani, akajivunia kazi ya mikono yake.

Jioni moja akaazima miwani ya jirani, naye akaingia. Alipofika kwenye mlango wake akausukuma, kama alivyozoea. Haukufunguka. Ikabidi apige hodi.

"Karibu!" ikaitikia sauti yake mwenyewe kutoka ndani. "Raisa mwanangu, hebu mtolee mgeni kiti."