Beji ya Mama Balozi

Mwendesha mashtaka wa wilaya alinivisha kitenge mbele ya watu, akanisifu kwamba mwaka mzima, katika nyumba kumi ninazoziongoza, hakuna aliyepigwa hata kofi. Beji ya ubalozi ilikuwa kifuani pangu, inasikiliza. Ikisikia tishio hulipeleka kwa mwendesha mashtaka, na mtu huzuiwa kabla hajatenda.

Wa mwisho alikuwa Maganga, mtani wa mume wangu. Tulipomzika mama mkwe alijilaza kaburini, kama watani wafanyavyo, akasema, "Nipeni jogoo, la sivyo nawazika wote." Tulicheka sana. Kesho yake wakamchukua.

"Ule ulikuwa utani tu, mheshimiwa," nilimnong'oneza mwendesha mashtaka tulipokuwa tukipigwa picha.

"Huenda, Mama Balozi," akanijibu kwa upole. "Lakini hajaua mtu, au siyo? Basi tumefanikiwa."

Niliporudi nyumbani nilimsikia mume wangu akicheka na jirani. Nilipopiga hodi wakanyamaza. Jirani akaaga, mume wangu akanipakulia ugali.

"Mchuzi umezidi chumvi," nikamchokoza, nikingoja aniambie, kama zamani, kwamba siku moja atanipika mimi.

Akaitazama beji.

"Nisamehe, Mama Balozi," akasema, akachukua sahani yake, akaenda kula jikoni.