Bangili ya Jumatatu

Kila mama anayemfundisha mwanawe nyumbani huvishwa bangili ya shaba. Mtoto akikosa swali katika mtihani wa Jumatatu, bangili humchoma mama.

"Siku hiyo usikaange kitu, shoga, usije ukajimwagia mafuta ukishtuka," jirani yake, Mama Tumsifu, alimwambia Mkunde huku akimpaka shubiri mkononi. "Uma kitambaa, wala usipige kelele. Mimi nilipiga mara moja tu, mwanangu akajua."

"Akajua nini?"

"Kwamba kiberiti anacho yeye." Mama Tumsifu alicheka, lakini alivuta mikono ya gauni kufunika makovu. "Jikaze, mwenzangu. Unafundisha vizuri."

Jumatatu, Nsia, bintiye Mkunde wa miaka minane, aliomba kutazama katuni. Mkunde akakataa: mtihani kwanza. Kioo cha mtihani kilichokuwa ukutani kikauliza saba mara nane.

"Hamsini na tano," Nsia alisema, amenuna.

Ngozi ikanuka kuungua. Mkunde alikiuma kitambaa, lakini yowe likamtoka.

Jana tu Nsia aliliimba jibu sahihi akioga. Sasa aliitazama bangili, kisha uso wa mama yake.

"Mama, naomba katuni," alisema taratibu. "Yamebaki maswali tisa."