Chura wa Jumamosi

"Uongo," alisema mteja, povu limemjaa mashavuni.

Kinyozi akausimamisha wembe. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo, na kipindi hakijafika hata nusu.

Kila Jumamosi saa nne, redio ya taifa ilirusha kipindi cha maarifa, na kila Jumamosi dakika chache kabla ya saa nne mzee huyu aliingia, akakalia kiti cha karibu na redio na kuanza kubishana nayo. Sauti yenyewe ya kubishana hana. Mkwaruzo mtupu, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Skafu ya shingoni haivui hata jua liwake vipi. Kinyozi alimpachika jina la Mkwaruzo na kumdharau kwa moyo wote. Aliwajua watu wa aina hiyo: hawajui kitu, lakini wana hakika kwamba wenzao nao hawajui.

Mtangazaji sasa, huyo ndiye mtu! Sauti nzito, tamu, isiyo na haraka. Angesema mvua ni kavu, kinyozi angekunja mwavuli.

"Na je, wajua, mpenzi msikilizaji," ilisema redio, "kwamba chura akizeeka sana husahau kuogelea? Huzama katika dimbwi lile lile alilozaliwa."

"Sasa atacheka," alinong'ona Mkwaruzo.

Mtangazaji akacheka.

Kwenye benchi, binti wa kinyozi aliandika mbio mbio. Lilikuwa daftari lake la tatu. Jumatatu angesimama mbele ya jopo la chuo cha udaktari wa mifugo. Waombaji kumi na wanane, nafasi ya ufadhili moja, na bila ufadhili kwao hakuna wa kumsomesha. Alikuwa na bidii hadi majirani wakamwonea huruma.

"Hilo la chura ndilo utakaloanza nalo," kinyozi alimwambia. "Wakisikia hilo, watakaa sawasawa."

Mkwaruzo akageuka ghafla, wembe nusura umkate. "Binti, lifute hilo. Usilitamke mbele ya mtu mwenye akili zake."

"Kwa nini, babu?"

"Hakuna chura wa namna hiyo. Kulikuwa na kiti, maikrofoni na dakika mbili za kujaza. Jumamosi wakubwa wote wako makwao, nani akague?"

"Ala! Kwani wewe ulikuwepo?" kinyozi akamuuliza.

Mzee akafungua mdomo. Akamtazama yule msichana kwenye kioo, akaufunga.

"Mnamwona?" Kinyozi aliwageukia waliokuwa wakingoja zamu. "Sauti imemkauka, sasa anamwonea gere mwenye sauti. Mwenzako anasikilizwa nchi nzima, mzee. Wewe hata mkeo sidhani kama anakusikia."

Benchi zima likacheka. Mkwaruzo hakucheka.

"Fundi, nakuomba. Mtoto ataumbuka."

"Mtoto wangu, duka langu!" Kinyozi alimng'oa kitambaa kifuani na kumwonyesha mlango kwa wembe. "Kanyoe kwingine."

Mzee akatoka bila kujifuta. Kinyozi akaongeza sauti ya redio ili aisikie hadi barabarani.

Jumatatu binti alirudi kabla ya adhuhuri. Hakulia. Alichukua madaftari yote matatu, akayatia kwenye pipa la nywele. Baba yake akayatoa, akayapangusa, akauliza kuna nini.

"Nilipowaambia habari za chura, wawili walitazamana. Yule mama wa katikati akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia redioni. Wakacheka, baba. Mmoja alivua miwani afute machozi. Hawakuniuliza swali la pili."

"Labda bado wanafikiria."

"Jina la aliyepata limeshabandikwa mlangoni." Alikaa kwenye benchi, viatu vyake vya kuazima mkononi. "Mimi nilitaka kuwaeleza habari za chanjo ya kuku. Wewe ukasema chura."

Usiku mzima kinyozi alijigeuza kitandani, na asubuhi hasira yake ilikuwa imepata pa kwenda. Jumanne hakufungua duka. Alitembea hadi kituo cha redio, akaigonga meza ya mapokezi kwa ngumi.

"Nipe mtangazaji wa Jumamosi. Nataka anitazame usoni."

Mwanamke wa mapokezi hakushtuka. Alimaliza kwanza kupaka rangi ukucha wa kidole gumba.

"Humpati, baba. Hivyo ni vipindi vya zamani, tunavirudia tu. Mwenyewe alipasuliwa koo miaka tisa iliyopita, sauti ikapotea."

"Na uongo aliousema?"

"Hata yeye anasema ni uongo, wa kujazia muda. Kila wiki anatuletea barua tuviondoe." Alilisukuma kwa kiwiko rundo la bahasha ambazo hazijafunguliwa. "Wakubwa hawataki kusikia. Watu wanaipenda sauti ile ya zamani. Hii aliyonayo sasa nani aisikilize?"

Akapuliza kucha zake, na kumbukumbu fulani ikamchekesha.

"Juzi Jumamosi ndiyo alituvunja mbavu. Kipindi kiko hewani, huyo anaingia mbio, anakwaruza tukizime, eti kuna mtoto wa mtu ataumbuka. Shavu moja limenyolewa, jingine limejaa povu."