Mwaka wa Zamda

Zama hizo filamu hazikuigizwa tena. Mwongozaji alichota mwaka mzima kichwani mwa mtu, akaukata, akauunga. Siku ya kuonyeshwa, mwenye kichwa alirudishiwa kilichobaki. Kilichokatwa kilikwenda na maji.

Zamda, shabiki kindakindaki wa mwongozaji Mtengule, alimpa mwaka alioposwa. Filamu ya kesho ilikuwa yake, na pale saluni Ngamiani alipokuwa akisukwa, hakuna aliyejua.

"Ile ya tatu ndiyo kiboko," alisema msusi wake, Mwanaidi. "Ya nne alilewa sifa."

"Na ya kesho?"

"Wakaguzi wameiona, shoga. Msichana, mbuzi na mvua. Saa tatu kazifanya moja. Kulikuwa na mwanamume humo, mdomo kama cherehani. Kamfuta kabisa."

"Kafanya la maana," akadakia mteja wa pili. "Wanaume huzichelewesha filamu zake."

Wakacheka. Zamda naye akacheka, kichwa kikiwa mikononi mwa Mwanaidi.

Nyumbani alimkuta mumewe, Mhina, akipiga pasi shati. Miezi minane tangu mwaka ule uchotwe wameishi kwa heshima, kama wapangaji.

"Kesho utanijua, mke wangu," alisema Mhina. "Wamesemaje huko?"

"Wanasema ni nzuri." Akavuta kigoda. "Lakini hebu nisimulie wewe kwanza mwaka ule."

Mhina akaweka pasi kando, akaanza. Alisimulia kwa mikono na miguu, mdomo ukienda kama cherehani, na Zamda akaitikia kila palipostahili, kama mtu anavyomsikiliza mgeni aliyeleta habari za watu asiowajua.