Mlango Kwenye Njia ya Reli

Mzee alisimamisha basi la shule kabla ya reli, kama inavyotakiwa, lakini hakufungua mlango asikilize kama treni inakuja. Akavuka.

Merveille, aliyeketi kando yake na fomu ya mtihani wa udereva, aliandika alama. Yeye ndiye aliyekuwa mtahini, na kosa hilo peke yake humwangusha dereva. Tena mzee huyu, aliyemwita Papa kwa heshima, ndiye aliyemfundisha kushika usukani, mwaka ule familia zao zilipofika huku ughaibuni kutoka Bukavu.

"Egesha pale, Papa. Mbona hukufungua mlango?"

"Na baridi hii? Unakohoa tangu asubuhi, mwanangu. Nikuache upigwe na upepo?" Alicheka, kidole gumba kikichungulia kwenye glavu iliyotoboka.

Merveille alishindwa kuacha kukitazama kidole kile. Kiwanda cha Savage kilikuwa kimeshamwachisha mzee kazi. Leseni hii ndiyo ilikuwa tumaini lake. Nyuma yao vilipangana viti vitupu vya watoto.

"Umeanguka, Papa."

"Mimi? Juu ya kikohozi chako?"

"Ndiyo."

Mzee akazima injini. "Basi niombe hata msamaha."

Machozi yalimlenga Merveille, lakini sauti haikutetemeka.

"Siombi, Papa."