Damu ya Kitanda cha Dirishani

Mpimaji wa maabara alirudisha kichupa cha damu mashinini mara ya pili, akaikodolea macho skrini. Namba ikapanda palepale ilipopanda mwanzo. Kipimo hicho hutafuta vijichembe vinavyovujia kwenye damu pale virusi vinapoyajeruhi mapafu. Kadiri yanavyoumia, ndivyo namba inavyokwea. Hii ilikuwa imekwea hadi darini.

"Mgonjwa wa kitanda cha dirishani hafiki mbali bila mashine ya kupumulia," alimwambia daktari kwenye simu.

"Nani, Bucha? Mbona huku anaimba?"

"Damu haiimbi, daktari."

Daktari akaguna. Mashine ya kupumulia iliyobaki ilikuwa moja tu, na akimpa asiyeihitaji, mwingine atakufa. Akamwomba mpimaji apande wodini, achukue damu nyingine kwa mkono wake mwenyewe.

Walimkuta Bucha, muuza nyama mwenye shingo kama gogo, akimenya chungwa. Mdogo wake, aliyemuuguza nyumbani wiki nzima, alikuwa ameegemea dirisha, paji la uso likimtiririka jasho.

"Ndugu yangu," daktari alisema kwa upole, "damu ya asubuhi imeleta habari mbaya. Mapafu yameumia sana. Huenda tukakuhamishia kwenye mashine leo hii."

Bucha na mdogo wake wakatazamana. Mdogo mtu akaangua kicheko.

"Kaka, umekwisha! Niachie duka... na visu vyote." Akakohoa, akashika ukingo wa dirisha, akacheka tena. "Daktari, mashine yenu hiyo ya kupimia damu... iuzeni chuma chakavu."

"Nyamaza, fisi we," alisema Bucha, lakini naye alikuwa akiuma midomo asicheke.

Mpimaji hakucheka. Alifunga mpira kwenye mkono wa Bucha, akachomoa sindano.

Chungwa likamponyoka Bucha. Mtu anayepasua ng'ombe kila alfajiri akasogea nyuma mpaka ukutani, blanketi likapanda hadi puani.

"Vipi tena, kaka?" mpimaji aliuliza. "Asubuhi nesi alikusifu. Alisema hukutikisika hata kidogo."

Bucha alitazama dari. Alitazama sakafu. Mwishowe akamtazama daktari, na ule utani wote ukamtoka usoni.

"Hayo ya mapafu, daktari, ni kweli? Mashine ya kupimia haikosei?"

"Imepima mara mbili," alisema mpimaji.

"Asubuhi mimi nilijifungia chooni," Bucha alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwahidi huyu maini. Akalala hapa, akatoa mkono wake."

Wote wakageukia dirishani. Mdogo mtu alikuwa bado amefungua kinywa acheke, akiitafuta pumzi ya kuchekea.